Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu: Nyenzo za Mtandaoni Zifike Hadi Ubaoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa TAMISEMI, inayosimamia shule za serikali za msingi na sekondari. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na kwa maofisa elimu wa mikoa na halmashauri zote za Tanzania Bara.



YAH: MATUMIZI YA NYENZO ZA MTANDAONI NA TEKNOLOJIA KATIKA UFUNDISHAJI

Nyenzo za kufundishia zinazopatikana mtandaoni ni za namna nyingi: vitabu na mihtasari katika mfumo wa kidijitali, video za masomo, majaribio ya kuigiza yanayoendeshwa kwenye kioo cha kompyuta au simu, mazoezi yanayojisahihisha yenyewe, ramani na picha za setilaiti, na kamusi elezo huria. Nyingi ni za bure. Sehemu kubwa ya zile zilizo bora zinaweza kupakuliwa mara moja na kutumika kwa miaka bila intaneti. Ukweli huu wa mwisho ndio msingi wa barua hii, kwa sababu mipango ya TEHAMA shuleni imekuwa ikiendeshwa kana kwamba haujulikani: huanza na kifaa, hufuata ahadi ya intaneti, na nguvu huisha kabla somo lenyewe halijafikiwa.

Yaliyofanyika hayapaswi kubezwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mikoani. Umeme umesambazwa karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umepeleka kompyuta katika shule za umma na kugharamia mafunzo ya walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Uwezo upo na nia imewahi kuonekana. Kinacholeta malalamiko ni kwamba vipande hivi havijaunganishwa vikafika kwenye dakika 40 za kipindi, pale mwalimu anaposimama mbele ya wanafunzi 70 akiwa na chaki mkononi. Malalamiko hayo na maombi yake yanafuata kwa namba, ili kila ofisi ione lililo lake.

1. Kifaa kimetangulia, somo limeachwa nyuma

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa kwa walimu. Uamuzi ulikuwa mzuri: mali ya umma ambayo ingekaa ghalani ilipewa kazi ya pili. Lakini kishikwambi kisicho na kitabu, video wala zoezi la somo la anayekipokea kitafanya kazi ya ukarani tu. Ndivyo ilivyotokea kwingi. Kazi inayokifanya kichajiwe kila asubuhi ni kujaza takwimu za wanafunzi, mahudhurio na taarifa za utendaji wa mtumishi. Mifumo hiyo ina umuhimu wake, ila haimsaidii mtoto kuelewa desimali.

Majirani wamepita njia hii. Kufuatia ahadi ya uchaguzi wa 2013, Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijitali kwa darasa la kwanza, na katika miaka michache vifaa zaidi ya milioni 1 vikawa vimefika katika shule za msingi. Kenya ilifanya jambo moja la maana sana: ilipakia masomo ya taasisi yake ya mitaala ndani ya kifaa kabla ya kukigawa. Hata hivyo mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, masomo yaliyoandaliwa kwa mtaala wa zamani yalihitaji kutengenezwa upya, na magazeti ya Nairobi yakawa yanaripoti mara kwa mara vifaa vilivyofungiwa makabatini. Tanzania nayo imeanza mtaala mpya Januari 2024, ukipanda hatua kwa hatua kutoka darasa hadi darasa, kwa hiyo hatari ni ile ile na bado kuna muda wa kuiepuka.

Peru ilitoa funzo kali zaidi. Kuanzia mwaka 2008 nchi hiyo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walizifuatilia shule 319 za vijijini, zilizopata kompyuta na zisizopata, wakatoa matokeo mwaka 2012: watoto walizizoea kompyuta, ila alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Sababu haikuwa ubovu wa mashine. Walimu hawakuwa wameonyeshwa vya kutosha namna ya kuiingiza mashine hiyo katika somo la siku.

Ombi: kila kifaa cha umma kinachokwenda shuleni kipakiwe, kabla hakijakabidhiwa, muhtasari wa somo, kitabu cha kiada, kiongozi cha mwalimu na walau video au zoezi moja kwa kila mada kuu. TET itoe toleo jipya la kifurushi hicho kila Januari, likifuata madarasa ambayo mtaala mpya umeyafikia. Vishikwambi vilivyokwisha kugawiwa vipakiwe kwa utaratibu huo huo.

2. Ukosefu wa intaneti umegeuzwa udhuru

Programu iitwayo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Kompyuta moja, hata ya zamani au ile ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani, hupakiwa vitabu, video na mazoezi mahali penye intaneti. Ikifika shuleni huunganishwa na kifaa cha Wi-Fi, kisha simu na vishikwambi vya walimu hujiunga na kufungua masomo kwa kivinjari cha kawaida, bila kugusa bando la mtu. Wanafunzi wakifanya zoezi, mwalimu huona nani amemaliza na swali lipi limewashinda wengi. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi ya namna hiyo kwa kamusi elezo: Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, huingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na nafasi ikabaki. Umeme unaohitajika ni mdogo kiasi kwamba paneli ndogo ya sola na betri yake vinatosha kuiendesha seva ya Raspberry Pi siku nzima ya masomo.

Kwa hiyo shule ya pembezoni haina haja ya kusubiri mnara. Inahitaji mtu wa kuiletea diski. Vituo vya walimu, ambavyo tayari vipo katika kata nyingi, vinaweza kufanywa vituo vya kupakia: mwalimu mmoja wa kila shule afike mwanzoni mwa muhula na diski yake, apakiwe, arudi. Bodaboda yenye diski mfukoni mwa abiria hubeba siku moja masomo ambayo mtandao wa 2G usingeyafikisha kwa mwezi mzima. Jambo hili ni rahisi mno kuendelea kuahirishwa kwa kisingizio cha miundombinu.

Kwa shule zilizofikiwa na mtandao, kikwazo ni bei. Mwalimu anayetaka kuonyesha video ya dakika 10 hununua bando kwa fedha yake, na akifanya hivyo kwa madarasa manne ya juma zima, mshahara unaona. Kampuni za simu zina uwezo wa kiufundi wa kuruhusu tovuti fulani ifunguliwe bila kukata bando. Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni hizo zinaombwa zikubaliane kwamba Maktaba Mtandao ya TET ifunguke hivyo, kwa mwalimu na kwa mzazi.

3. Sayansi inaendelea kufundishwa kwa maneno matupu

Shule nyingi za kata zilizojengwa kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zilifunguliwa bila maabara. Agizo lililokuja baadaye, la kila shule kujenga vyumba vitatu vya maabara, lilileta majengo. Vifaa na kemikali vikaja taratibu, na kwingine bado vinasubiriwa. Mwanafunzi hukariri kanuni ya Ohm kwa ajili ya mtihani bila kuwahi kushika waya.

Hapa ndipo nyenzo za mtandaoni zina faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia. Mradi huo hutengeneza majaribio ya kuigiza ya fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Ni ya bure, baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi yakishapakuliwa hufunguka kwenye kivinjari bila mtandao.

Somo la saketi ya umeme linatosha kuonyesha kinachowezekana. Mwalimu huburuta betri, waya na balbu kwa kidole hadi mzunguko ukamilike. Balbu huwaka, na ndani ya waya vitone vya buluu, ambavyo vinawakilisha elektroni, huanza kutembea. Ikiongezwa betri ya pili kwa mfuatano, vitone hukimbia na mwanga huongezeka. Ikiondolewa betri hiyo na kuongezwa balbu ya pili kwa mfuatano, vitone hupunguza mwendo na balbu zote mbili hufifia. Waya ukiunganishwa moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, ndimi za moto hutokea kwenye kioo, na darasa huelewa papo hapo kwa nini nyumba huwekwa fyuzi. Kisha kioo huzimwa. Betri mbili za redio, vipande vya waya na balbu ya tochi huwekwa mezani, na wanafunzi, watatu watatu, hutakiwa kutabiri kitakachotokea kabla hawajaunganisha. Kioo kimewaonyesha kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, na mikono yao inathibitisha kitu ambacho kioo kimekiigiza tu. Mwalimu aliyefundisha hivi hahitaji kuwaambia wanafunzi wanyamaze. Watakuwa wanabishana kuhusu balbu. Hili linafanyika kwa kishikwambi kimoja, projekta moja na vifaa vya duka la mtaani.

Jiografia ina utajiri kama huo. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu mwaka 1972, na picha hizo zimekuwa za bure tangu 2008. Picha mbili za kilele cha Kilimanjaro, moja ya miaka ya 1990 na moja ya karibuni, hueleza kupungua kwa barafu vizuri kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Picha za bonde la Rufiji kabla na baada ya Desemba 2022, maji yalipoanza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, hufundisha ramani, mito, nishati na mazingira katika kipindi kimoja. Zikichapwa kwa rangi kwenye ofisi ya halmashauri na kupelekwa shuleni, hazihitaji hata umeme.

Shule za kulipia za mijini zinafanya haya tayari. Mtihani wa kidato cha nne ni mmoja kwa wote, na swali la saketi halimuulizi mtahiniwa kama shule yake ilikuwa na projekta. Kila mwaka unaopita bila hatua, pengo hilo linaandikwa kwenye vyeti vya watoto ambao hawakuchagua wazaliwe wapi.

Ombi: TET iteue majaribio ya kuigiza kwa kila mada ya sayansi na hisabati kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na iyaoanishe na ukurasa husika wa kitabu cha kiada, ili mwalimu asihangaike kutafuta. Kila shule ya sekondari ya serikali ipewe projekta moja au televisheni moja kubwa, na hilo litangulie ujenzi wa vyumba vya kompyuta ambavyo hakuna aliyeajiriwa kuvitunza.

4. Mali iliyopo kwa Kiswahili haijatumiwa

Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vishikwambi vilichajiwa kwa vituo vya sola vilivyowekwa vijijini. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za timu zote tano zilizofika fainali zikaachiwa huria, yeyote azichukue na kuziboresha bila malipo.

Programu hizo zilijaribiwa kwa watoto wa Handeni, Korogwe, Lushoto na wilaya jirani. Zinazungumza Kiswahili. Hazidai ada. Kwa nchi inayopigania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa miaka mingi, ni jambo la kusikitisha kwamba mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 100 anaweza kustaafu bila kuwahi kuelezwa kwamba zipo. Pamoja nazo kuna hadithi za African Storybook zinazosomeka kwa Kiswahili, na katuni za hisabati za Ubongo Kids, kazi ya Watanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2014. Nchi nyingine zingelazimika kutafsiri kila kitu. Hapa tafsiri imekwisha kufanyika.

Sekondari tatizo hugeuka. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba huingia kidato cha kwanza akakuta fizikia kwa Kiingereza. Jaribio la kuigiza lenye lugha zote mbili ni daraja zuri: mada ifunguliwe kwanza kwa Kiswahili hadi dhana ieleweke, kisha jaribio lile lile lifunguliwe kwa Kiingereza ili mwanafunzi apate msamiati atakaoukuta kwenye mtihani. Wathibiti ubora wa shule wanaombwa wasimhesabie mwalimu kosa anapofanya hivyo.

Wanafunzi nao wanaweza kuwa watengenezaji wa nyenzo. Somo la fasihi simulizi limejaa tanzu ambazo wazee wa kijiji wanazijua kuliko kitabu. Simu moja ya mwalimu, ikitumika kwa ridhaa ya wahusika, inaweza kurekodi vitendawili, visasili na nyimbo za jando za eneo husika, na rekodi hizo zikahifadhiwa kwenye seva ya shule kwa madarasa yajayo.

5. Mwalimu hakupewa muda

Tanzania ilikwisha kuonyesha namna ya kufundisha umma mkubwa kwa teknolojia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takriban watu milioni 2 kwa njia ya redio. Redio peke yake isingefanikisha hilo. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu kilichofuata vipindi, na kiongozi aliyefundishwa mapema namna ya kuzima redio, kuuliza maswali na kuongoza mjadala hadi watu wakubaliane kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walifundishwa kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Kipindi, kijitabu na kiongozi vilikwenda pamoja. Mipango ya sasa imenunua kitu kinacholingana na redio na kupunguza vingine viwili.

Mfumo wa kurekebisha hili upo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanawataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za ujifunzaji, wajadili mada zinazowasumbua na kuangalia wenzao wakifundisha. Hapo ndipo pa kuweka teknolojia: juma moja mwalimu wa kemia anaonyesha jaribio alilolipata, juma linalofuata wenzake wanaeleza lilivyowaendea darasani, pamoja na pale lilipokwama. Semina ya siku mbili ya hotelini, yenye posho na cheti, haiwezi kufanya kazi hiyo. Mwalimu hubadilika kwa kumwona mwenzake wa shule hiyo hiyo, mwenye darasa lililojaa vile vile, akifanikiwa.

Muda ndio mgumu. Mwalimu wa sayansi katika shule yenye upungufu wa walimu hubeba vipindi vingi kwa juma, husahihisha madaftari usiku, na bado hutakiwa kujaza mifumo. Kuandaa somo moja zuri lenye video, swali la kutabiri na zoezi huchukua saa kadhaa mara ya kwanza. Ombi ni kwamba ratiba ya kila shule itenge vipindi viwili kwa juma vya maandalizi ya pamoja, vinavyotambuliwa rasmi, na kwamba taarifa zinazojazwa katika mifumo tofauti ziunganishwe ili zijazwe mara moja.

6. Leseni iwe huria

Nyenzo zilizotengenezwa kwa fedha za umma zinapaswa kuwa za umma. Novemba 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo kuhusu rasilimali huria za elimu, linalozitaka nchi wanachama kuruhusu nyenzo hizo zitumike, zibadilishwe na kusambazwa bila malipo. TET inaombwa itangaze leseni ya aina hiyo kwa vitabu vyake vya kidijitali, na iviweke katika mafaili mepesi yanayopakuliwa sura kwa sura. Kwa hatua hiyo mwalimu wa Kigoma anaweza kunakili mchoro, akaongeza mfano wa mawese na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kumtumia mwenzake bila hofu.

7. Fedha za matengenezo hazimo popote

Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa chini ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na ndani yake mna chaki, karatasi, mitihani na ukarabati mdogo. Chaja ikikatika au balbu ya projekta ikiungua, hakuna kifungu cha kuinunua, na kifaa cha mamilioni kinalala kwa kukosa kitu cha elfu chache. Kila halmashauri inaombwa iwe na fundi mmoja wa TEHAMA wa shule, akiwa na bajeti ya vipuri na ratiba ya kuzungukia kata. Manunuzi yote mapya yajumuishe vipuri na dhamana ya matengenezo isiyopungua miaka mitatu. Vumbi, joto na kukatika kwa umeme kila siku ni hali ya kawaida ya shule zetu, na mkataba unaosahau hayo umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

8. Watoto walindwe kabla ya kuunganishwa

Mei 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa bidhaa 164 za elimu mtandaoni zilizokuwa zimependekezwa na serikali 49 wakati wa UVIKO-19, likaeleza kwamba asilimia 89 zilionekana kukusanya taarifa kwa njia zinazohatarisha haki za watoto. Nyingi zilizipeleka kwa kampuni za matangazo. Bidhaa ya bure mara nyingi hulipwa kwa taarifa za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Wizara inaombwa itumie sheria hiyo kutoa orodha ya programu zilizokaguliwa na kuruhusiwa shuleni. Programu zinazofanya kazi bila mtandao zipewe kipaumbele, maana seva iliyofungiwa ndani ya ofisi ya mkuu wa shule haina wa kumpelekea majina ya watoto.

Katazo la wanafunzi kumiliki simu shuleni halihitaji kuondolewa ili haya yafanyike. Yote yaliyoombwa katika barua hii yanafanyika kwa vifaa vya shule, mwalimu akiwepo. Wazazi wenye hofu ya simu wana sababu zao, na mpango mzuri hauhitaji kugombana nao.

9. Kinachohesabiwa kibadilike

Hotuba za bajeti huorodhesha vifaa vilivyonunuliwa na shule zilizounganishwa. Takwimu hizo hazimwambii mbunge wala mzazi kama kuna mtoto aliyefundishwa kwa vifaa hivyo. Wizara na TAMISEMI zinaombwa ziongeze katika taarifa ya mwaka ujao mambo haya kwa kila halmashauri: shule ngapi zina masomo yaliyopakuliwa yanayofunguka bila intaneti, vifaa vingapi kati ya vilivyogawiwa vinafanya kazi siku ya ukaguzi, na vipindi vingapi vya hisabati na sayansi vilifundishwa kwa kuvitumia katika muhula. Wathibiti ubora wa shule, ambao tayari huingia madarasani, wanaweza kukusanya takwimu hizo kwa kuongeza mistari michache kwenye fomu yao. Taarifa ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za shule, kamati za shule zikabidhiwe nakala, na halmashauri itakayoonekana kukwama ipelekewe diski na fundi kabla ya muhula unaofuata kufunguliwa.

Nakala: Kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, vyama vya walimu, kamati na bodi za shule.